Msomee Mtoto kwa Sauti Angali Hajui Herufi

Wazazi walio wengi huku kwetu kando ya Maziwa Makuu huamini ya kwamba kitabu ni jambo la shule. Mtoto akitimiza miaka sita au saba hupelekwa darasani, akanunuliwa daftari na kalamu, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa masomo yake. Kabla ya hapo kazi ya mama ni kumlisha, kumwogesha, kumfunza adabu na kumwangalia asiangukie motoni. Imani hiyo si ya kulaumiwa, kwa maana ndivyo wengi wetu tulivyolelewa. Lakini ina hasara yake, na hasara hiyo humwangukia mtoto mwenyewe katika darasa la kwanza, anapoketi dawati moja na mwenziwe aliyezoea vitabu tangu alipokuwa mapajani mwa mama yake.

Mwalimu huwatambua watoto hawa wawili mapema sana. Yule aliyesomewa nyumbani hukishika kitabu wima, hukifungua panapostahili, na anajua ya kuwa maneno hayatoki katika picha bali katika zile alama nyeusi zilizopangwa kama siafu njiani. Anajua kuwa hadithi ina mwanzo na ina kikomo, na kwamba ukurasa ukiisha huna budi kuugeuza ili upate yanayofuata. Mwenziwe hana hata moja katika hayo. Si kwamba ni mjinga, ila mambo hayo hayajulikani kwa kuzaliwa tu. (Katika mitaa kama Buyenzi, mjini Bujumbura, mtoto aliyetangulia kwenda chuoni huzoea kwanza maandishi yaendayo kutoka kulia kwenda kushoto. Akija shuleni hana budi kugeuza mwendo, lakini lile jambo kubwa, yaani kwamba maandishi husema, amekwisha kulijua.) Asiyewahi kusomewa inambidi ajifunze yote kwa mkupuo mmoja, huku mwalimu akiwa na watoto wengi mbele yake na muda ukipita. Akichelewa huonekana mzito. Akionekana mzito huacha kuulizwa maswali. Na miaka michache baadaye wazazi hushangaa kwa nini anaichukia shule.

MANENO YASIYOPATIKANA JIKONI

Mwaka 1985 tume ya wataalamu wa usomaji nchini Marekani, chini ya uongozi wa Richard Anderson, ilitoa taarifa iliyopima utafiti uliokuwa umefanywa hadi wakati ule. Katika yote yanayomjengea mtoto maarifa ya kumwezesha kusoma, walisema, hakuna lililo kubwa kupita kumsomea kwa sauti. Kwa nini iwe hivyo? Sehemu moja ya jibu ilipatikana mwaka 1988, pale watafiti Donald Hayes na Margaret Ahrens walipohesabu maneno adimu, yaani yale yasiyotumika kila siku, katika maandishi na mazungumzo ya Kiingereza. Katika vitabu vya watoto walikuta maneno adimu yapatayo 31 katika kila maneno 1000. Katika mazungumzo ya watu wazima waliohitimu chuo kikuu walikuta kama 17 tu. Yaani kitabu kidogo cha mtoto kina maneno mengi ya aina hiyo kuliko mazungumzo ya wasomi wawili walioketi barazani.

Hesabu hiyo ni ya Kiingereza, lakini mama yeyote anaweza kulipima jambo lenyewe kwa Kiswahili akiwa nyumbani kwake. Tangu alfajiri hadi usiku twawaambia watoto: njoo, kaa, kula, acha, nawa mikono, mpishe mgeni, nani kavunja kikombe? Maneno hayo yana kazi yake, wala nyumba haiendi bila hayo. Lakini ni katika hadithi mtoto anapokutana na mfalme aliyeghadhibika, na msafiri aliyelakiwa kwa shangwe, na mto uliofurika, na sungura aliyejifanya mgonjwa ili asishiriki kuchimba kisima. Na si maneno peke yake. Kiswahili ni lugha ya upatanisho. Kisu kikubwa kilichoanguka kina sauti zake, na visu vikubwa vilivyoanguka vina zake. Katika miji yetu, ambako Kiswahili cha barabarani kimekatwa pembe na kuchanganywa na lugha nyingine kadha wa kadha, mtoto huweza kufika shuleni pasipo kusikia sentensi nzima ya namna hiyo mara tano maishani mwake. Anayesomewa huisikia kila jioni, na sikio lake huizoea kabla hajafundishwa sarufi.

Msomaji ataniuliza: je, hadithi za bibi hazitoshi? Zina kazi kubwa, na ole wa nyumba iliyozitupa. Bibi ana sauti, ana mikono, ana nyimbo, na anajua mahali pa kunyamaza ili watoto wasogeleane. Hata hivyo ngano ya bibi hubadilika kila usiku kwa kadiri ya usingizi wake. Hadithi iliyoandikwa haibadiliki. Mtoto aliyeisikia mara nne hukugutukia ukiruka neno moja, na hapo ndipo anapoanza kufahamu kwamba maneno yale yamefungwa katika karatasi, wala hayategemei kumbukumbu ya msomaji. Fahamu hiyo ndiyo mlango wa kusoma. Kwa hiyo bibi na atoe ngano, na kitabu kiwepo. Hapana haja ya kumfukuza mmoja ili amkaribishe mwingine.

MAMA ASIYEJUA KUSOMA

Hapa ndipo barua nyingi za akina mama hukwama. Mathalani mama mwenyewe hakubahatika kufika shule, au alifika akaondolewa darasa la pili ili alee wadogo zake, naye huona kwamba shauri hili ni la wake wa makarani. Basi na asikilize habari iliyotoka kwa jirani zetu wa Kenya.

Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya nchi hiyo kwa wazazi na walezi 357 pamoja na watoto 510, wenye umri wa tangu miaka miwili hadi wakaribiao saba. Familia ziligawanywa makundi kwa kura. Kundi moja halikupewa kitu. Jingine lilipewa vitabu vya hadithi vyenye picha, vilivyotungwa kwa kufuata lugha na desturi za mahali pale. Mengine yalipewa vitabu pamoja na mafunzo, kwa viwango mbalimbali, ya namna ya kukaa na mtoto juu ya kitabu: kumwonyesha, kumwuliza, kumngoja ajibu, kulikuza jibu lake. Waliopewa vitabu na mafunzo wakawa wanasoma na watoto mara nyingi zaidi na kwa namna iliyo bora, na watoto wao wakaweza kuyataja maneno ya vitabu vile. Tena watoto wa walezi wasiojua kusoma walifaidika kwa kiasi kisichopungua kile cha watoto wa wanaojua, na katika baadhi ya vipimo walifaidika kuwashinda.

Huko Khayelitsha, mtaa mkubwa wa watu wenye kipato kidogo karibu na Cape Town, taarifa ya mwaka 2015 ilieleza habari ya walezi 91 na watoto wao wa miezi 14 hadi 16. Waliofundishwa kwa majuma kadhaa kushiriki kitabu cha picha na mtoto waliona lugha ya watoto wao ikikua haraka kuliko ya wale ambao hawakufundishwa. Faida nyingine ilionekana katika utulivu: watoto waliweza kuelekeza fikira zao kwenye jambo moja kwa muda mrefu zaidi. Mama aliyejaribu kupika huku mtoto wa mwaka mmoja na nusu akikimbia kutoka ndoo hadi jiko atajua thamani ya jambo hilo bila kuelezwa na mtafiti.

Siri ya mafanikio hayo haimo katika kutamka kila herufi. Imo katika mazungumzo. Tazama picha ya kuku na vifaranga. Mama asiyejua kusoma aweza kuuliza: “Huyu ni nani?” Mtoto atasema: “Kuku.” Mama hatasema tu “Vyema” na kugeuza ukurasa. Atasema: “Naam, ni kuku mwenye vifaranga. Mbona amepanua mbawa zake?” Mtoto atakaa kimya kidogo. Mwache akae. Kisha atasema: “Mvua.” Na mama ataongeza: “Ehe, anawafunika wasilowe mvua. Kuku wetu hulala wapi mvua ikinyesha?” Hapo mtoto aliyeleta neno moja amerudishiwa sentensi nzima, na kitabu kimeungana na banda la kuku lililoko nje. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake huko Marekani waliwafunza wazazi namna hii kwa mwezi mmoja tu, na watoto wakawazidi wenzao katika kusema. Wageni wanaiita njia mpya. Sisi tuliokua tukiitwa “Hadithi, hadithi!” na kuitika “Hadithi njoo!” twajua kwamba wazee wetu hawakukubali hata siku moja kumhadithia mtoto aliyekaa kama gogo.

Jambo jingine litufaalo ni tabia ya maandishi yetu yenyewe. Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo. Aliyejua silabi zake aweza kutamka neno lolote hata kama hajapata kuliona. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu ni msomaji kamili wa vitabu vya wadogo zake. Mpe kazi hiyo kila jioni kama unavyompa kazi ya kuchota maji. Yeye atapata mazoezi bila kujua kuwa ni mazoezi, mdogo wake atapata hadithi, na mama ataketi kando akichambua mchele na kuuliza maswali yake.

LINI UANZE

Usingoje mtoto aseme. Taarifa ya mwaka 1986 ya Anthony DeCasper na Melanie Spence ilisimulia habari ya wajawazito waliosoma kwa sauti kifungu kile kile kila siku katika majuma sita ya mwisho ya mimba. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mashine ya sauti, na kwa jinsi walivyonyonya ikaonekana kwamba walikipendelea kifungu kile kuliko kigeni. Simtaki mama mjamzito ajitaabishe kusoma usiku na mchana. Lakini ikiwa mtoto huijua sauti na mwendo wa maneno yako kabla hajaliona jua, basi miezi sita ya kukaa mapajani si mapema kupita kiasi. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa tangazo mwaka 2014 kikiwataka madaktari wawahimize wazazi kusoma na watoto tangu wachanga.

Mtoto wa miezi sita atakitafuna kitabu. Asipigwe kwa hilo. Ndiyo namna yake ya kukisoma. Wa mwaka mmoja atapapasa picha na kurukaruka kurasa, nawe umfuate yeye badala ya kuifuata hadithi. Kwa mtoto wa miaka miwili hadithi fupi iliyo na maneno yanayorudiwa yatosha, na ukifika mahali pa neno la mwisho unyamaze ili alitie yeye. Kuanzia miaka mitatu na kuendelea mtoto huweza kuketi robo saa nzima. Na akianza kujisomea asiachwe, kwa kuwa sikio lake lingali mbele ya macho yake miaka mingi: aweza kuielewa hadithi ambayo bado hana uwezo wa kuisoma.

Wako wazazi siku hizi wanaomwekea mtoto simu ya mkononi imsimulie hadithi, kisha wakaenda zao. Kwa mtoto mkubwa kidogo si dhambi. Kwa mchanga ni kazi bure, au karibu na bure. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake mjini Seattle walichapisha habari ya watoto wa Kimarekani wa miezi tisa waliosomewa na kuchezeshwa kwa Kichina katika vikao 12. Waliokaa na mtu aliye hai walijifunza kuzipambanua sauti za lugha ile ngeni. Waliooneshwa watu wale wale katika televisheni, au kusikilizishwa sauti zao tu, hawakujifunza. Mtoto hutazama macho yako yanakoelekea, na hilo simu haina.

Kuhusu kurudia kitabu kimoja, msihofu. Baba huchoka kwa usiku wa tisa kusoma habari ya tembo yule yule na huona mtoto amepumbaa. La. Mwaka 2011 Jessica Horst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walieleza kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zile zile mara kwa mara walijifunza maneno mapya vizuri kuliko waliosomewa hadithi mbalimbali, ingawa maneno yenyewe waliyasikia kwa idadi sawa. Nyumba yenye vitabu vitatu tu, basi, si nyumba maskini katika jambo hili.

LUGHA GANI?

Msomee kwa lugha anayoielewa. Jibu ni fupi, lakini hufanyiwa makosa kila siku mijini, ambako baba humsomea mtoto wa miaka mitatu kitabu cha Kifaransa au Kiingereza ili “awahi.” Mtoto hukaa akisikia kelele, na kitu pekee anachojifunza ni kwamba vitabu vinachosha. Aliyejua maana ya kusoma kwa lugha ya mama yake huihamishia lugha ya pili bila kuanza upya. Ikiwa nyumbani ni Kinyarwanda, Kirundi, Mashi au Kibembe, na kitabu kilichopo ni cha Kiswahili, usisite kukieleza kwa lugha ya nyumbani baada ya kila ukurasa. Wala usione haya kwa Kiswahili chako kisicho cha Pwani. Soma yaliyoandikwa, kisha yazungumze kwa Kiswahili cha kwenu, na mtoto ataweza vyote viwili.

Kitu kimoja naomba kiepukwe kabisa, nacho ni mtihani. Mzazi akigeuza saa ya hadithi kuwa saa ya kumwuliza mtoto “hii ni herufi gani?” na kumkemea akikosea, ameua furaha iliyokuwa ikifanya kazi yote. Vivyo hivyo tusiahidi mno. Mwaka 2015 daktari John Hutton na wenzake wa Cincinnati walizipiga picha bongo za watoto 19 wa miaka mitatu hadi mitano wakiwa wanasikiliza hadithi, wakaona kwamba kwa wale waliosomewa sana nyumbani sehemu za ubongo zinazohusika na kuelewa maana na kujenga picha za fikirani zilifanya kazi kwa nguvu zaidi. Ni habari njema, lakini watoto 19 ni wachache, na nyumba isomayo sana huenda ina heri nyingine pia. Mtoto mwenye njaa au minyoo hawezi kusikiliza. Uji na dawa hutangulia. Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni kwamba mtoto aliyesomewa hufika shuleni hali amejiandaa, na kwa gharama iliyo ndogo kuliko sare yake.

Tangu mwaka 1989, kazi iliyoanzia katika hospitali moja ya mjini Boston imewafanya madaktari wa watoto kumpa kila mtoto kitabu anapokwenda kupimwa, na kumwonyesha mzazi namna ya kukitumia. Uingereza walianza jambo linalofanana na hilo mjini Birmingham mwaka 1992, kwa familia 300. Nawaza juu ya kliniki zetu siku ya kupima uzito: akina mama wamejaa mabenchini tangu saa moja asubuhi hadi saa sita, watoto wanalia, na hapana la kufanya. Vitabu 20 na dada mmoja wa kujitolea vingetosha kuigeuza foleni ile kuwa darasa. Wakubwa wa idara zinazohusika walifikirie hilo.

VITABU VITOKE WAPI?

Vipo zaidi ya tunavyodhani. Mjini Kigali, shirika la uchapishaji la Editions Bakame lilianzishwa mwaka 1995, mwaka mmoja baada ya maangamizi, likaanza kuwachapia watoto vitabu kwa Kinyarwanda, na mwaka 2008 likatunukiwa tuzo ya kimataifa ya kuendeleza usomaji. Jina lake ni la yule sungura mjanja wa ngano za huko. Kwa Kiswahili, Tanzania ina Mradi wa Vitabu vya Watoto uliokuwapo tangu mwaka 1991. Na tangu mwaka 2014 kuna African Storybook, kazi iliyoanzia Afrika Kusini, ambayo hutoa hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, bila malipo kwa yeyote mwenye kuweza kuzipata kwa intaneti na kuzipiga chapa. Mwalimu mkuu mmoja mwenye mashine ya kuchapia aweza kuutosheleza mtaa mzima.

Asiyepata hata hivyo na atengeneze mwenyewe. Chukua katoni ya sabuni, uikate vipande vinane vilivyo sawa, kila kimoja kama kiganja na nusu. Kusanya picha kutoka kalenda za mwaka uliopita, magazeti na makaratasi ya bidhaa: mbuzi, baiskeli, mwanamke anayetwanga, ndizi, gari la abiria. Pika gundi kwa unga wa muhogo vijiko viwili na maji kikombe kimoja, ukikoroga juu ya moto mdogo mpaka iwe nzito na kung'aa, iache ipoe. Paka nyuma ya kila picha, ibandike katikati ya kipande cha katoni, uiweke chini ya jiwe usiku kucha ili isijikunje. Kesho yake andika chini ya kila picha sentensi moja kwa herufi kubwa na nyeusi. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wa shule aandike unayomtajia. Toboa matundu mawili pembeni kwa msumari, pitisha uzi wa kushonea magunia, ufunge bila kukaza sana ili kurasa zigeuke. Mtoto anayetafuna mtengenezee cha nguo, kwa vipande vya kitenge chenye picha vilivyoshonwa pamoja, ambacho kitafuliwa Jumamosi pamoja na nguo nyingine.